Kinyonga hafi kizimbani kwa njaa

Miongoni mwa maswali ambayo nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara na vijana, hasa wanafunzi wa shule za upili, ni hili: kwa nini kinyonga akitiwa tunduni hufa upesi ilhali analetewa panzi na nzi hadi mdomoni? Jibu langu huwa fupi, nalo huwaudhi baadhi yao. Kinyonga hafi njaa. Hufa kwa kiu, hufa kwa kukosa jua, hufa kwa kukosa hewa na kwa hofu. Kisha yule aliyemfungia hujiliwaza kwa kusema kuwa mnyama alikufa bila sababu, kana kwamba kuna kiumbe afaye bila sababu.

Ningeweza kulinyamazia jambo hili kama lingekuwa la watoto wawili watatu wa mtaani. Lakini upepo umegeuka. Tangu jadi, jamii zetu nyingi zimemwogopa mnyama huyu. Wakikuyu na Wakamba, sawa na jamii nyingine za Kibantu hadi kusini mwa Afrika, husimulia jinsi Mungu alivyomtuma kinyonga awapelekee wanadamu habari kwamba hawatakufa, naye akajikokota na kugugumia njiani hadi mjumbe mwepesi, kwa baadhi ndege na kwa wengine mjusi, akamtangulia na habari za mauti. Mjusi kafiri naye ana kesi yake. Waislamu wengi wa pwani humchukia kwa masimulizi kuwa aliupuliza ule moto aliotiwa Nabii Ibrahim. Kwa hivyo viumbe hawa wawili wamekuwa wakipokezwa mawe na kandambili popote waonekanapo.

Siku hizi hofu hiyo imepungua, na kwa upande mmoja nafurahi. Kijana wa leo humshika kinyonga, humpandisha begani, hujipiga picha kwa simu na kuisambaza kwa marafiki. Baada ya picha humtia katika mtungi wa kioo au katoni la viatu na kumpeleka chumbani. Hapo ndipo msiba unapoanza. Jiwe humwua kinyonga kwa dakika moja. Chumba cha kulala humwua polepole, kwa majuma kadhaa, huku mwenyeji wake akiamini kwamba anamtunza.

Kabla sijaendelea, yafaa niseme wazi kwamba kumtoa kinyonga kichakani na kumfuga si hiari ya mtu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayetaka kufuga mnyama wa mwituni awe na kibali, na wa kuulizwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Biashara ya vinyonga kutoka nchi moja hadi nyingine nayo imo chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 1977. Basi haya nitakayoyasema yanawahusu wenye vibali, wawe ni wafugaji, walimu au wenye bustani za maonyesho. Na yanawahusu vilevile ndugu zetu walio Uingereza, Marekani na kwingineko, ambako mtoto anaweza kuingia dukani na baba yake na kutoka na kinyonga mkononi kama anayetoka na mkate.

Nitamchukua kinyonga wa pembe tatu kuwa mfano, kwa kuwa yeye ni wetu. Wataalamu humwita kinyonga wa Jackson, kwa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Dume lake lina pembe tatu usoni mithili ya kifaru aliyezidishiwa. Makao yake ni nyanda za juu: viunga vya Nairobi, Kiambu na Limuru, na miteremko ya Mlima Kenya, na jamaa zake wengine wako Mlima Meru nchini Tanzania. Jike lake halitagi mayai bali huzaa watoto, pengine zaidi ya ishirini kwa mara moja, na kila mmoja hushika njia yake pasi na kumngoja mama.

Aliyewahi kulala Limuru anajua mnyama huyu amezoea hali gani ya hewa. Asubuhi ni ukungu, majani yamelowa umande. Mchana jua hutoka, lakini si kali. Joto hucheza kati ya nyuzi 20 na 27. Usiku baridi hushuka hadi nyuzi 10 au hata chini yake. Ukizitia siku hizo kizimbani, kinyonga ataishi miaka minane au zaidi. Ukimpa joto la kutwa kucha, kama wafanyavyo wale wanaodhani kila kitokacho Afrika kinataka tanuri, umemwua. Kinyonga wa pembe tatu anauhitaji ule ubaridi wa usiku kama sisi tunavyouhitaji usingizi.

Ushahidi wa neno hili unapatikana mbali sana na hapa. Mwaka 1972, mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, alipokea shehena ya vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika hoi, wamekonda na kukaukiwa maji mwilini. Alichofanya ni kuwaachilia katika bustani ya nyumbani kwake ili wapate nafuu. Nafuu waliipata, tena kupita kiasi: walitawanyika vilimani, wakazaana, wakaenea hadi visiwa vingine. Leo wanahesabiwa huko kuwa wageni waharibifu, kwa sababu wanawala konokono na wadudu wa asili ambao hawapatikani popote pengine duniani. Serikali yetu ilipokomesha biashara ya kuwauza nje mwanzoni mwa miaka ya 1980, Hawaii ikawa chemchemi ya kinyonga wa Kenya anayeuzwa katika maduka ya Marekani.

Wengi husimulia kisa hicho kwa kicheko. Mimi nakisoma kama cheti cha daktari. Wale wanyama waliokuwa wakifa hawakutiwa sindano wala kulishwa kwa mrija. Walipewa mvua, majani mabichi, upepo na usiku wa baridi. Yote anayohitaji kufanya mfugaji ni kuurudisha mlima ule ndani ya kizimba chake, na asipoweza, aachane na ufugaji.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoua wengi. Kinyonga hajui bakuli. Unaweza kumwekea kisima kizima chini ya kizimba naye akafa kwa kiu juu yake. Porini hunywa matone yaliyo juu ya majani, yale yanayotikisika na kumeta. Kwa hivyo kizimba sharti kiwe na mmea wa kweli, si wa plastiki, na mwenye kumtunza anyunyizie majani maji mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa dakika kadhaa na bila pupa, kwa sababu kinyonga huchukua muda kuamua kwamba ana kiu. Baadhi ya wafugaji huning'iniza juu ya kizimba chupa iliyotobolewa tundu dogo, ikadondosha tone baada ya tone. Ni ufundi mzuri na hauna gharama. Hata hivyo, majani yaachwe yakauke kati ya manyunyu. Kizimba kilicholowa saa zote huzaa ukungu na maradhi ya mapafu.

Utamjuaje kinyonga mwenye kiu? Tazama macho. Yakizama ndani kama ya mzee aliyeugua, ameishiwa maji. Tazama na kinyesi: kile kipande cheupe kinachotoka pamoja nacho ndicho mkojo wake. Kikiwa cheupe, ameshiba maji. Kikigeuka rangi ya chungwa, kuna hatari. Na kinyonga anayefumba macho mchana kweupe huwa hapumziki, ni mgonjwa, tena hajaanza kuugua siku hiyo. Mnyama huyu huficha ugonjwa kwa sababu porini anayeonyesha unyonge huliwa kwanza. Siku anayoanguka kutoka tawini ni siku ya mwisho ya safari ndefu.

La pili ni jua. Mifupa ya kinyonga, kama yetu, hujengwa kwa kalsiamu, na kalsiamu haiwezi kutumika mwilini bila vitamini D3, ambayo mnyama huyu huitengeneza ngozini mwake kwa miale ya urujuanimno itokayo kwenye jua. Miale hiyo haipenyi kioo cha kawaida cha dirisha. Hapa ndipo watu wema wanapopotea. Humweka kinyonga karibu na dirisha, humwona akiota mwanga, wakaridhika. Baada ya miezi michache taya lake hulegea kama mpira, miguu hupinda, ulimi ambao ungefyatuka kuupita urefu wa mwili wake hutoka nusu na kushindwa kurudi. Mifupa ikishapinda haiwezi kunyoshwa tena. Lililobaki ni kuzuia isizidi.

Wafugaji wa Ulaya hulazimika kununua taa maalumu za miale hiyo, na hulazimika kuzibadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwani taa huendelea kung'aa machoni petu hata baada ya miale yenyewe kufifia. Sisi tulio karibu na ikweta tumepewa taa hiyo bure. Kizimba cha wavu kikitolewa nje asubuhi, nusu kivulini na nusu juani ili mnyama achague mwenyewe, hakuna taa ya dukani inayoweza kushindana nacho. Ninakazia neno wavu. Sanduku la kioo likiwekwa juani ni chungu cha kupikia.

Kuhusu chakula sitakaa sana, kwa sababu hapa watu wana bidii, ingawa bidii yenyewe ina matundu. Nyenje, ambaye ndiye mlo wa kawaida wa vinyonga wanaofugwa, ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na fosforasi ikizidi huinyang'anya mifupa kalsiamu. Basi nyenje mwenyewe alishwe kwanza, kwa siku nzima, sukuma wiki na karoti (spinachi haifai sana, kwa kuwa ina asidi inayoishikilia kalsiamu), kisha apakwe unga wa kalsiamu kabla ya kutiwa kizimbani. Nyenje hawa siku hizi hawana uhaba. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, huko Bondo, kimefanya utafiti wa ufugaji wao kwa ajili ya chakula cha binadamu, na kinachomfaa binadamu hakitamshinda kinyonga. Mdudu asipite upana wa kichwa cha anayemla. Na panzi wa kuokota katika shamba la mboga lililopigwa dawa asipewe kabisa. Nakumbuka hatari iliyokuwapo nzige wa jangwani walipotuvamia kuanzia mwishoni mwa 2019, mashamba yakinyunyiziwa sumu huku nzige wanaokufa wametapakaa chini kama karamu ya bure.

Kuna na kosa la kinyume, la mapenzi yaliyopita kiasi. Mfugaji akisikia vitamini ni nzuri humwaga kopo zima. Vinyonga wa milimani, pembe tatu akiwa mmoja wao, hudhurika upesi wakizidishiwa vitamini A na D3. Unga wa kalsiamu tupu unaweza kutolewa mara nyingi. Ule wenye vitamini ni wa mara moja moja tu.

Jambo ambalo wengi hawaliamini nikiwaambia ni upweke. Tumezoea kudhani kwamba kila mnyama hutaka mwenzake, hivyo aliye na kinyonga mmoja humtafutia wa pili kwa huruma. Huruma hiyo ni kifungo juu ya kifungo. Vinyonga wa pembe tatu ni wenye himaya; madume hupigana kwa pembe hadi mmoja ashuke mtini, na porini aliyeshindwa ana pa kwenda. Kizimbani hana. Hata pasipo na vita, yule mnyonge huacha kula kwa kumwona mwenzake tu, na kinyonga aliyewekwa mbele ya kioo hujitesa kwa kupambana na kivuli chake. Kila mmoja awe na kizimba chake, tena kirefu kwenda juu, kwa kuwa usalama wake uko juu ya kichwa cha anayemtazama.

Rangi yake itakusimulia mengi. Yafaa niseme hapa kwamba tunamwonea kinyonga tunapomwita kila mwanasiasa anayehama chama kwa jina lake. Mnyama huyu habadili rangi ili afanane na kila anapokanyaga. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza jinsi aina moja ya kinyonga wa Madagascar anavyobadili nafasi zilizo kati ya fuwele ndogo mno zilizomo ngozini mwake, ndipo mwanga unaporudi na rangi nyingine. Hufanya hivyo kwa sababu ya joto, hasira, mapenzi au hofu. Kwa maneno mengine, kinyonga ni mkweli kuliko wengi wetu. Akiwa mweusi asubuhi ya baridi, anakusanya joto. Akibaki mweusi kutwa nzima, anakuambia kwamba hapo ulipomweka hapamfai.

Vinyonga wetu nao si wamoja. Yule wa pwani mwenye mikunjo ya ngozi kisogoni hustahimili joto asiloliweza wa Limuru, na jike lake hutaga mayai ardhini. Akifungiwa mahali pasipo na udongo wa kuchimba, mayai hukwama tumboni na kumwua. Atakayemfuga kwa kanuni za pembe tatu atapoteza wote wawili.

Nikija kwa mijusi, wao wana ustahimilivu zaidi, na pengine ndiyo sababu wanateswa zaidi. Anayependwa kuliko wote ng'ambo ni yule mwenye madoa ya chui, ambaye asili yake ni Pakistan, Afghanistan na India. Huyo huhifadhi mafuta mkiani, hivyo mkia mnene ni alama ya afya, na uliosinyaa ni kengele. Anahitaji joto linalotoka chini na pango dogo lenye unyevu wa kujivulia gamba. Gamba likibaki vidoleni hukaza kama uzi, damu isipite, kidole kikakatika. Mchanga wa kupendezesha sanduku huumeza pamoja na chakula ukamfunga tumbo. Wala asishikwe mkia, yeye au mjusi yeyote wa jamii yake, kwa kuwa ataukata na kukuachia mkononi. Wale wanaouzwa ng'ambo wengi wamezaliwa katika ufugaji, na mtu aliye huko akitaka mjusi, huyo ni heri kuliko aliyeporwa msituni.

Kwa sababu uporaji upo, na haukuanza jana. Katika msitu mdogo wa Kimboza, mkoani Morogoro, yuko mjusi mdogo wa rangi ya samawati inayong'aa, ambaye huishi juu ya mikadi. Wanunuzi wa Ulaya walipompenda, wakusanyaji waliingia msituni na kuikata mikadi yenyewe ili kumfikia, hivyo wakauza mnyama na kuchoma nyumba yake kwa mpigo mmoja. Mkutano wa CITES wa mwaka 2016 ulimweka katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku. Mwaka huohuo Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Mijusi waliokwisha kuondoka hawakurudi.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba nchi ina watu wasio na chakula na mimi nazungumzia kiu ya kinyonga. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haimzuii mtu kumfungia mnyama. Inamzuia tu kumpa maji. Aliye na nafasi ya kumweka kinyonga kizimbani hana udhuru wa kukosa chupa ya kunyunyizia. Na ikiwa ufugaji halali wa wanyama hawa utakuwa riziki kwa Wakenya, kama wengine wanavyotarajia, mnunuzi hatarudi kwa mfugaji ambaye vinyonga wake hufika na miguu iliyopinda.

Ndiyo maana napendekeza kwa wanaotoa vibali kwamba asipewe kibali mtu kwa kuonyesha kizimba tu. Aonyeshe maji yatatoka wapi na kwa utaratibu gani, jua litaingiaje, usiku wa baridi ataupata wapi, nyenje watalishwa nini, na ni daktari gani wa mifugo atakayekichunguza kinyesi kutafuta minyoo, kwani kinyonga aliyetoka porini hukosa kuwa nayo kwa nadra. Madaktari wenyewe wasaidiwe. Vyuo vyetu vimewafunza kwa sifa njema kumtibu ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Saa chache za masomo juu ya wanyama watambaao hazitalivunja dari la chuo. Na kibali kikaguliwe baada ya miezi sita, wakati mifupa imekwisha kusema ukweli.

Kwa wanafunzi walioniuliza, kuna njia isiyohitaji kibali. Nendeni na mwalimu au mzazi kwenye ua wa kayaba au wa maua, saa mbili za usiku, mkiwa na tochi. Kinyonga hulala kwenye ncha ya kijitawi, na ngozi yake usiku hupauka, ikawaka kwenye mwanga kama karatasi iliyosahauliwa majanini. Mhesabuni, andikeni urefu wa tawi na aina ya mti, kisha zimeni tochi upesi. Juma lijalo rudini mwone kama bado yupo.